Noti mbovu Bukavu: tunazichakaza sote, anayebaki nazo ni mama wa soko

MamaButiki_Kadutu

Wakubwa kwa wadogo, jambo. Mada hii naiweka kwa sababu ni ya kila siku na bado tunaizungumza kwa matusi tu. Muuzaji na mnunuzi wanarushiana noti ya franka 500 juu ya beseni la sambaza (samaki wadogo wa ziwani), watu wanajaa, kila mmoja anaondoka na hasira zake. Mimi naona ndani yake kuna dhuluma, na nataka tuiongee kwa utulivu.

Nina butiki ndogo huku Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. Sukari ya kupima, mafuta ya kikombe, sabuni ya kipande, chumvi, kiberiti. Anayenunua mafuta ya franka 500 haji na noti ya 10,000. Anakuja na 500 yenyewe, au na za mia mia zilizokunjwa pamoja. Kwa hiyo feza inayoishi kwangu ni ndogo: 100, 200, 500, 1,000. Na feza ndogo ndiyo inayochoka mapema, maana haipumziki. Noti ya 20,000 inaweza kulala kabatini mwezi mzima. Ya 200 asubuhi iko kwa muuza mandazi, saa nne iko kwa motari (dereva wa pikipiki ya abiria), mchana kwa muuza makala (mkaa), jioni inaingia kwangu na vumbi jeusi na mafuta ya mandazi. Nchi nyingine thamani ndogo namna hii hubebwa na sarafu za chuma. Kwetu sarafu hatuna, yote ni karatasi.

Hayo ni ya kazi yake, sawa. Lakini sisi tunaongeza ya kwetu. Kuna anayeifunga kwenye pindo la kitenge na kuna anayeiweka kwenye sidiria, inakunywa jasho mpaka jioni. Kuna kijana anayeikunja na kuikunja tena mpaka inakuwa ndogo kuliko ukucha, eti isionekane. Kuna anayeandika namba ya simu ya mtu juu yake. Kuna anayehesabu kwa mate. Na kuna wale wanaopiga bunda zima agrafu (pini ya stepla), halafu wakitaka kulifungua wanavuta kwa nguvu, chuma kinaondoka na kipande cha noti. Hii ya agrafu inaniumiza kupita zote, kwa sababu inafanywa na watu wa ofisini, watu wenye droo na elastiki.

Hapa mbele yangu nina noti ya franka 100, ile ya tembo. Mkunjo wa katikati umepita juu ya tembo mwenyewe, umekuwa mweupe, na ukiinua noti kwenye taa unaona mwanga ukipenya kwenye vitundu vidogo pale mikunjo inapokutana. Upande wa pili bwawa la Inga limebaki doa. Kona moja haipo. Pembeni mtu ameandika "kg 3" kwa biki ya bluu. Ina skochi (utepe wa kunata) mbili, mpya imebandikwa juu ya kuukuu, na ile kuukuu imegeuka njano na kukusanya uchafu kandokando. Niliipokea kwa mtoto aliyetumwa chumvi. Nilijua nikimrudisha nayo atagombezwa nyumbani, na nikiipokea nitakaa nayo. Nikaipokea, na mpaka leo ninayo.

Sasa mwangalie mtu yule yule akishika dola. Dola anaibeba kama mtoto mchanga: inalala ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kitabu, kitabu ndani ya mfuko wa ndani. Hakunji, haandiki, hapigi agrafu. Kwa hiyo tusiseme watu wa Bukavu hatujui kutunza karatasi. Tunajua sana. Tumeamua tu ipi inastahili.

Jumamosi ingia ukumbi wowote wa harusi kule Ibanda. Ndugu anainuka kumtunza bibi harusi, anambandika noti kwenye paji la uso lenye jasho na poda. Nyingine zinarushwa juu ya wapiga muziki, zinaanguka, viatu vya visigino vinapita juu, soda inamwagika, watoto wanazikusanya kwa kugombania. Na siku hizi kuna mashada: noti zinaviringwa ziwe maua, zinagandishwa kwa gundi ya moto, zinatolewa zawadi ya birthday. Ile gundi haitoki. Aliyepewa shada atafurahi, atapiga picha, halafu siku ya kulifungua atakuja kunilipa mimi kwa maua yaliyochanika.

Na Jumapili, jamani. "Hii haipite sokoni, iweke ya sadaka." Sentensi hiyo nimeisikia kwa majirani, kwa wateja, kwa ndugu wa damu.

Zamani kulikuwa na njia ya kutokea. Noti zilizochoka zilifika benki kupitia wafanyabiashara wakubwa, benki ikazichambua, mbovu zikarudi Benki Kuu, mpya zikaja. Tangu benki zilipofunga milango hapa mjini Februari 2025, njia ile imeziba. Zilizopo ndizo zinazozunguka, zinazidi kuchoka, na hakuna anayeziondoa. Na kadiri zinavyochoka ndivyo watu wanavyozidi kuzikataa.

Basi swali langu ni hili: noti inapokataliwa, inakwama kwa nani? Haikwami kwa aliyerusha ukumbini, yeye alikwisha irusha. Haikwami kwa aliyepiga agrafu. Inakwama kwa mama ambaye hana nguvu ya kusema "leta ingine", kwa sababu mteja akiondoka sambaza zitaoza. Anaipokea, na yeye akienda kwa muuza unga anakataliwa. Faida yake yote ya siku inaweza kuwa imekaa kwenye noti tatu ambazo hazipite. Huo ni ushuru, na unalipwa na mtu wa chini kuliko wote pale sokoni.

Nasubiri mawazo yenu.


Motari_Essence

Mama, aksanti kwa mada. Nakupa upande wetu sisi wa moto, yaani pikipiki.

Usiku ndio saa yetu ya kupata hasara. Abiria anashuka, anakupa noti iliyokunjwa, mkono umefumba, anaingia uani kwake haraka. Taa ya moto inaangalia mbele, wewe unahisi kwa vidole tu. Asubuhi unafungua, nusu ya noti haipo, mtu ameikunja kwa ustadi ionekane nzima. Unakwenda kwa kadafi, muuza petroli wa barabarani, kununua lita, anakataa. Jioni mwenye moto anataka feza yake, naye anakataa. Siku hiyo umefanya kazi kwa ajili ya karatasi.

Lakini na sisi tuna kosa letu. Zile noti tunazozibana katikati ya vidole tukiendesha, mvua inanyesha, vumbi linapiga, tunazikunja kwa urefu ili zisimame. Kwenye kundi letu la kituo nimeshawaambia vijana: nunua kale kamkoba ka kiunoni, ni bei ya safari chache. Wachache wamekubali. Wengi wanasema mkobani chenji inachelewa kutoka na abiria anakasirika.


MC_Nguba

Mama Butiki, nakuheshimu, lakini kwenye harusi nitasimama kidogo.

Mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti kwenye hizo kumbi. Kutunza ni maneno bila mdomo. Shangazi wa bibi harusi aliyetoka Walungu, ambaye hatapewa nafasi ya kuhutubia, anasema yake kwa kuinuka na kubandika noti mbele ya watu wote. Ukoo wa bwana unaona. Ukoo wa bibi unahesabu nani ameinuka. Ukimwambia atie kwenye bahasha, umemnyamazisha. Na bahasha, tuseme wazi, nyingine tunazifungua usiku ndani hakuna kitu, wala jina hakuna.

Halafu kuna wapiga muziki. Malipo ya ukumbi mara nyingi yanaishia kwa mwenye vyombo. Kinachofika kwa mwimbaji na mpiga ngoma ni kile kinachobandikwa usoni. Ukiondoa kutunza umeondoa chakula chao.

Kwa hiyo kasoro ipo, nakubali. Lakini tusitupe desturi pamoja na uchafu wake.


MamaButiki_Kadutu

MC, hapo umesema jambo ambalo sikulipima vya kutosha nilipoandika, na sitaki kumnyamazisha shangazi hata kidogo. Nauliza hivi: kinachosema ni noti kuanguka chini, au ni shangazi kuinuka? Kwa wazee wetu kule kijijini mtu aliinuka, akacheza mpaka mbele, akaweka kwenye kikapu au kwenye kitenge kilichotandikwa magotini kwa bibi harusi. Watu waliona. Walipiga vigelegele. Hakuna aliyekanyaga kitu.

Cha kurusha chini hiki hakikutoka kwa shangazi. Kilikuja na vijana wenye feza ya ghafla waliotaka kamera iwaone.


Mwanafunzi_Panzi

Nichangie kidogo kuhusu wenzetu wa Nigeria, kwa kuwa kurusha noti kule ni desturi kubwa sana kwenye sherehe. Sheria yao ya Benki Kuu ya mwaka 2007, kifungu cha 21, inasema kuharibu noti, kuirusha au kucheza juu yake kwenye sherehe ni kosa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi sita, au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili. Kwa miaka mingi watu waliichukulia kama maandishi tu. Aprili 2024 mahakama ya Lagos ikampa Bobrisky, mtu maarufu sana mitandaoni kule, miezi sita jela bila nafasi ya faini, kwa kurusha naira kwenye sherehe. Nchi nzima ikashtuka.

Siandiki hivi nikitaka MC wetu afungwe. Naandika kuonyesha kwamba wapo walioliona tatizo ni zito kiasi hicho. Ila sheria ile inamshika anayerusha, haimsaidii mama aliyebaki na noti mbovu. Nadhani hapo ndipo Mama Butiki anatupeleka.


Kambisti_Nyawera

Salamu wote. Mimi nakaa na meza ya kubadilisha feza pale Nyawera, nimeombwa na mtu nije nieleze habari ya dola, maana kila siku tunaitwa wenye roho mbaya.

Dola yenye tundu la pini naikataa, au naipokea kwa kuipunguza. Sababu ni kwamba anayenunua dola kwangu ni mfanyabiashara, anakwenda nayo Kampala au Dubai kuchukua mzigo, na kule akikataliwa atarudi kwangu. Ya dola 1 watu hawaitaki kabisa. Ya kichwa kidogo, zile za kabla hazijabadilishwa miaka ya 1990, haipite. Ya 100 wanataka ile yenye utepe wa bluu, iliyotoka 2013.

Wamarekani wenyewe hawana masharti hayo. Noti yao yoyote waliyotoa tangu 1861 bado ni halali mpaka leo. Iliyochanika, ikiwa zaidi ya nusu yake ipo na inatambulika, wanailipa kamili. Lakini ofisi hiyo iko Washington. Hapa hakuna dirisha la kuipeleka, kwa hiyo kila mtu anajilinda kwa kumkatalia aliye chini yake. Hicho ndicho Mama Butiki anakieleza kwenye franka, na ndicho hicho hicho kwenye dola.

Sasa jambo ambalo watu hawalijui: ile si karatasi ya daftari. Dola ni pamba 75% na kitani 25%, ni kama nguo. Na franka zetu nazo ni karatasi ya pamba. Ndiyo maana noti inafuliwa ndani ya suruali na inatoka nzima. Maji peke yake hayaiui. Kinachoiua ni mkunjo ule ule mahali pale pale, mara elfu, pamoja na mafuta na jasho vinavyofanya vumbi lishike. Ndiyo maana ya Mama Butiki imetoboka kwenye njia panda ya mikunjo, zote zinaanzia hapo.

Kuunganisha noti iliyopasuka kuna utaratibu wake. Tumia skochi nyembamba inayoonyesha, upande mmoja tu, kwa urefu wa mpasuko, usifunike namba. Skochi ya karatasi ile ya maboksi usiguse. Ukipokea noti iliyounganishwa, soma namba ya kushoto na ya kulia. Zikifanana, vipande ni vya noti moja, pokea. Zisipofanana, kuna mtu ameunganisha nusu za noti mbili. Pia ipime kwa kuilaza juu ya nzima. Wapo wanaokata kipande chembamba kwenye kila noti, wakishapata vipande vya kutosha wanatengeneza moja ya ziada. Noti iliyopita kwenye mkasi huo inakuwa fupi. Hiyo kataa, na usione haya.

Ila iliyopasuka tu, haijakosa kipande na namba zinafanana, kuikataa ni kumwonea mtu.


Mzee_wa_Muhumba

Wanangu, nimesoma yote. Niseme kwa nini kizazi changu hakina huruma na karatasi hizi, ili vijana wasidhani ni ujinga.

Feza ya zaire ilipoingia mwaka 1967, zaire moja ilikuwa dola mbili. Rudieni kusoma: moja yetu, mbili zao. Noti ile ilitunzwa. Ilikaa kwenye Biblia. Desemba 1979 serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena, watu wapeleke benki zibadilishwe kwa siku chache na kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Mtu wa Kabare au Shabunda, benki iko wapi? Mkulima aliyeuza kahawa msimu mzima na kuweka feza yake safi, imenyooka, ndani ya mkebe, huyo ndiye aliyepoteza. Aliyeitumia ovyo hakupoteza kitu.

Miaka ya 1990 ikaja noti ya milioni tano. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi akasema si halali, Rais Mobutu akawalipa nayo askari, maduka yakaikataa, na mwisho wa Januari 1993 Kinshasa ikawaka moto. Hapo mjue noti kukataliwa si jambo dogo. Oktoba mwaka huo huo ikaja zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani. Kasai waligoma, wakaendelea na zaire kuukuu. Huku kwetu tulihesabu mabunda bila kufungua. Nani atahesabu noti moja moja wakati bunda zima ni mkate? 1998 ikaja franka hii: moja kwa zaire mpya laki moja.

Pigeni hesabu. Franka moja ya leo ni zaire za zamani bilioni mia tatu. Ile noti ya tembo ya mama, ambayo mtoto alitumwa nayo chumvi, ni trilioni thelathini za zaire ile niliyoanza nayo kazi.

Mtu aliyepita huko anajifunza kwamba karatasi ya nchi ni ya kusukuma mbele haraka, si ya kuweka. Mkono wake unaikunja kabla akili haijaamua. Nasema hivyo kueleza. Kutetea ni kitu kingine, maana leo anayeumia na mkono huo si serikali iliyotuumiza sisi.


MamaButiki_Kadutu

Mzee wetu, aksanti sana. Mama yangu alikuwa na mkebe wa namna hiyo. Hakuwahi kuniambia kilichokuwa ndani, ila alipoona noti imenyooka alikuwa akicheka kwa uchungu. Leo nimeelewa kidogo zaidi.


Mtoto_wa_Lubumbashi

Yambo toka Lubumbashi. Huku shida inaanza chini zaidi: falanga 50. Ni halali, Benki Kuu imekumbusha mara nyingi, lakini jaribu kumpa muuzaji wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba uone. Anaangalia kando. Motari haipokei. Chenji ya 50 unapewa bombo (peremende) moja, upende usipende.

Watu wanasema ni kitu kidogo. Si kidogo. Noti ya chini ikifa, bei ya chini inapanda. Kifungu cha mboga cha 50 kimekuwa cha 100 bila mboga kuongezeka, kwa sababu hakuna cha kulipia 50. Mwenye mshahara haoni. Anayepika kwa kununua vifungu kila jioni anaona. Mkizikataa 100 zenu huko Bukavu kwa sababu zimechakaa, mjue kinachofuata ni kifungu kuanzia 200.


Mhesabu_wa_Parokia

Natoa ushuhuda wa sadaka, kwa kuwa nimo kwenye kamati inayohesabu baada ya misa.

Tunamwaga vikapu mezani. Nyingi zimesokotwa kama vidonge, mtu hataki jirani yake aone ni kiasi gani. Tunazifungua moja moja, tunazinyoosha kwa kiganja, tunapanga. Kila Jumapili kuna rundo la pembeni: zisizo na nusu, zilizooza, zilizoshikana na skochi mpaka hazisomeki, na mara nyingine kuukuu ambazo hazitumiki tena. Mtu ametembea kutoka nyumbani, amevaa vizuri, ameimba, halafu amempa Mungu kitu ambacho muuza nyanya alikikataa Ijumaa. Inanisikitisha sana.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni baadaye. Lile rundo la pembeni tulikuwa tunalipa nalo vibarua: mfagiaji, mama wa kuchota maji. Walipokea kwa sababu ni kanisa. Mmoja akaja kusema hakuweza kununua unga nazo. Kamati ikakaa, tukakubaliana kwamba kibarua analipwa kwanza, na kwa noti nzuri kuliko zote zilizo mezani. Rundo la pembeni linabaki kwenye sanduku mpaka benki itakapofunguliwa. Na padri amelisema altareni, mara mbili.


Dada_wa_Kabini

Niongeze moja tu. Watu wa kabini, vibanda vya kutoa feza kwa simu, tukiwapa noti mbovu mnatutukana, lakini tukiwataka mlete nzuri mnasema tunabagua. Feza taslimu ni haba, komisheni ya kutoa imepanda kwa sababu hiyo hiyo, na mtu aliyekatwa komisheni halafu akapewa noti zilizopasuka ameumia mara mbili. Mimi ninachofanya: kila anayetoa, nampa mchanganyiko, na noti zenye skochi ninamwonyesha kabla hajaondoka. Akikataa nabadilisha kama ninayo. Simfichi katikati ya bunda. Kuficha katikati ya bunda ndiyo chanzo cha ugomvi wote.


MC_Nguba

Nimerudi. Jumamosi iliyopita tulijaribu. Kabla ya kuita watunzaji nilitangaza kwamba kuna vikapu viwili, cha maharusi na cha wapiga muziki, na mabinti wawili wa ukoo wanavishika wakicheza. Nikasema kila anayeinuka jina lake litatajwa kwa sauti pamoja na ukoo wake. Shangazi zetu waliinuka mmoja mmoja, na kutajwa kukawapendeza kuliko kubandika. Vijana wawili bado walirusha. Sikuwazuia, ila sikuwataja.

Mpiga gita aliniambia mwishoni kwamba kikapuni feza ilikuwa nzima na hakuna mtoto aliyekimbia nayo.


MamaButiki_Kadutu

MC, Mungu akubariki. Hiyo ya kutaja jina na ukoo ndiyo dawa.

Na mimi nilete ya kwetu. Kwenye likirimba yetu (mchango wa kupeana kwa zamu) ya wamama wa mtaa tumekubaliana mambo haya: mchango unaletwa umenyooka, noti zote zikiangalia upande mmoja, zimefungwa kwa elastiki. Agrafu ni faini. Noti iliyopasuka ikiwa nzima na namba zinafanana inapokelewa na kila mwanachama, kwenye mchango na kwenye biashara yake pia, hakuna kumkatalia mwenzako. Na anayepewa zamu asibebeshwe mbovu zote, zinagawanywa. Wauza sambaza waliomo kundini wamefurahi kupita wote, kwa sababu sasa wana mahali ambapo wanajua hawatakataliwa: kwa muuza unga, kwa muuza makala, kwangu.

Ni kundi dogo, najua. Soko la Kadutu ni kubwa. Ila kama vyama vya wauzaji vingekubaliana kanuni moja hiyo tu, iliyopasuka bila kukosa kipande inapita, nusu ya kelele zingeisha bila kungoja benki. Anayemfahamu kiongozi wa chama chochote pale sokoni amwonyeshe uzi huu.


Mwanafunzi_Panzi

Mama, samahani, swali la haraka. Nina 5,000, imepasuka katikati, vipande vyote viwili ninavyo, namba zinafanana, lakini kona ya juu imeungua kidogo, ukubwa wa kucha. Nilitaka kuongezea kwenye minervali (ada ya shule), shule imekataa. Inapita kwa nani?


Kambisti_Nyawera

Mdogo wangu, usiibandike mwenyewe. Iweke ndani ya kitabu kizito leo usiku ili inyooke, kesho njoo nayo Nyawera asubuhi wakati bado kuna mwanga mzuri. Namba ziko salama, kona haijagusa maandishi ya thamani, nitakubadilishia sawa kwa sawa. Ninaye mfanyabiashara wa mbao anayepokea za namna hiyo kwangu, kwa sharti nimwonyeshe kabla.


MamaButiki_Kadutu

Na kama Nyawera ni mbali kwako, pitia kwangu. Nitakupa za mia tano kumi, ziko nzuri, nimezichagua.